Usifunue Kapu Mpaka Umalize Kusoma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, na kifua kimekupa nafasi ya kupumua. Vipi kikohozi? Macho je, bado yanakutoka machozi ukipuliza kuni? Na lile goti, unalikanda kweli au unawaambia watu tu kwamba unalikanda? Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako mkubwa ameng'oka jino la mbele na sasa anacheka huku ameziba mdomo. Mdogo, yule uliyekuja kumpokea alipozaliwa, amenenepa mpaka mikono imejikunja vifundoni. Nami nimerudi kazini kwa dobi, napiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Mgongo unalalamika, lakini kazi inakwenda.

Aliyekuletea barua hii ni Bi Mbivu, jirani yangu muuza mboga. Gari linalomchukua kwenda kununua mboga mashambani hupita karibu na kwako. Amekuletea na kapu. Sasa mama, nakujua. Najua mkono mmoja umeshika barua na wa pili uko juu ya kifuniko. Uondoe, tafadhali. Kapu hilo halifunuliwi mpaka ufike mwisho wa barua, na Bi Mbivu nimemwagiza akae karibu alilinde. Mpe kigoda na maji ya kunywa, maana ana maneno mengi na miguu mibovu.

Barua yako niliipata. Umesema chumba changu umeshakifagia na kitanda umekitandika, nirudi nyumbani na watoto. Umesema mwanamume anayeshinda bila kazi mwisho hushinda bila haya. Umesema ulimwona mkweo kwa macho yako siku zote ulizokaa hapa, anatoka asubuhi ameaga kwamba anatafuta kazi, anarudi jioni mikono mitupu, tena ananukia ndimu, na ni kazi gani hiyo ya kutafutwa inayomnukisha mtu ndimu. Halafu chini kabisa, kana kwamba si wewe uliyeandika yale ya juu, umenituma nimsalimie yule mpishi wetu, fundi cherehani, na nimuulize maharage yake huyatia nini.

Nimeisoma barua hiyo hadi mikunjo imechakaa. Unataka jibu, narudi au sirudi, nawe una haki ya kujibiwa. Ila jibu lenyewe liko jikoni, kwa hiyo univumilie nianzie huko.

Unaikumbuka nyumba yetu, vyumba vitatu kwenye mstari mmoja, varanda mbele, bomba la maji mwishoni. Cha kwanza ni chetu, cha kati cha fundi cherehani, cha mwisho cha Bi Mbivu. Jina la Bi Mbivu alijitafutia mwenyewe. Nyanya yoyote, hata iwe imelainika mpaka inamwagika kiganjani, kwake haijaoza, ni mbivu. Ukimbishia anakuuliza mstahimilivu hula nini, kisha anakufungia.

Karakana ya makochi alikokuwa akifanya kazi mume wangu ilipofungwa, mwenye nayo akiwa ameuza kiwanja, mimi nilikuwa na mimba pevu na miguu imevimba. Siku moja nikabandika maharage, na mtungi wa gesi ukaisha yakiwa bado magumu kama vifungo vya koti. Nikakaa sakafuni nikalia, mama. Nililia maharage. Fundi cherehani akanisikia kupitia ukutani, akaja, akaibeba sufuria pamoja na maji yake akaenda kuibandika kwake. Halafu akamwita Bi Mbivu, wakakaa varandani wakaulizana kwa nini nyumba tatu zichome mitungi mitatu kwa ajili ya maharage yaleyale. Nilipotoka na macho yangu mekundu walikuwa wameshaamua. Tungepika kwenye jiko moja, sufuria moja, na kila mmoja angeleta alichonacho.

Alichonacho Bi Mbivu ni mboga zilizochoshwa na jua, zile ambazo wanunuzi huzigeuza na kuziacha. Fundi ana jiko, ana vipande vya nguo, na ana jicho kali. Mimi nilikuwa na mchele kidogo na hayo maharage yangu maarufu. Mume wangu alikuwa na gunia la sponji, mabaki ya makochi aliyopewa siku karakana inafungwa, nasi sote tulikuwa tunamwambia alitupe kwa sababu linajaza chumba.

Hakulitupa. Alilichukua kapu langu kubwa la sokoni, akaomba vipande vya nguo kwa fundi, akakaa mlangoni na sindano yake nene. Alishona mito, mmoja wa chini, mingine ya kuzunguka pembeni, na mmoja mnene wa kufunika juu, yote imekatwa kwa umbo la sufuria hata haibaki nafasi ya kupenyeza kidole. Akasema kochi zuri hushika joto la mtu hata akishainuka, basi na sufuria itashika. Unachemsha chakula kwa muda mfupi, kikishatokota vizuri unaipua, unakitia kapuni na mfuniko wake, unakandamiza mto juu, na kinaendelea kuiva chenyewe kwa joto lake wakati wewe unafanya mambo yako. Mwanzoni tulimcheka. Bi Mbivu aliuliza kama na sisi tutalazwa humo. Jioni tulipofungua, maharage yalikuwa laini na bado yanatoa moshi, na hakuna aliyecheka tena ila kwa furaha.

Sharti ni moja tu. Hakuna kufunua. Ukichungulia mara moja, joto limekwenda, na ni lazima urudi kwenye gesi. Na unajua binadamu alivyo, ukimwambia usifunue, mkono unamwasha. Ndipo fundi akajitwika ulinzi. Kapu hilo na mengine aliyoyashona mume wangu baadaye yakawekwa chini ya meza yake ya kukatia, pembeni ya cherehani, naye akawa anashona huku rula ya mbao iko mapajani. Amenipiga mimi. Amempiga Bi Mbivu. Alimpiga hata mwenye nyumba alipoinama kuuliza kuna nini humo, kisha akamwomba radhi na kumpa bakuli. Tangu hapo mtaa mzima unamwita Usifunue, naye anaitika.

Sasa nije kwa mpishi uliyemsifu. Mama, ulisifu lakini hukusifu vya kutosha, kwa sababu wewe uliona sahani tu. Mimi nimeona kazi. Mpishi wetu akipewa fungu la mchicha uliolala, hatupi vikonyo. Huvikata vidogo sana, huvitanguliza kwenye kitunguu, na majani huyatia mwisho, yanyauke tu. Maganda ya viazi huyaosha, huyakausha kwa kitambaa, huyakaanga mpaka yanavunjika mdomoni, na watoto huyagombania kuliko viazi vyenyewe. Mkate uliokauka husagwa, hutiwa kwenye yai na kitunguu, na yai moja hutosha watu wanne bila mtu kujiona amepunjwa. Mfupa huchemshwa leo kwa supu, kesho kwa wali. Wali uliobaki huamka asubuhi ukiwa vitumbua vya chumvi. Mpishi huyo hakati kitunguu mpaka akitazame kwanza, akigeuze, ajue kisu kipite wapi ili pasipotee kitu. Na ana msemo wake. Husema hakuna mabaki duniani, kuna kitu ambacho hakijapata kazi.

Ulipokuja kumwona mtoto, kila siku kapu liliingia kwetu likitoka kwa Usifunue, likiwa limebebwa na Usifunue mwenyewe. Ukaona jinsi anavyolilinda na rula yake, ukaamua ndiye mpishi. Nani angekulaumu? Ulikula, ukaongeza, wewe ambaye tangu baba afariki ulikuwa unakula kama anayeonja dawa. Nilikutazama unapangusa bakuli kwa kidole na nikageuza uso ili usione ninavyolia. Ukasema aliyepika maharage hayo alilelewa na mama aliyejua kazi yake. Mjukuu wako mkubwa akafungua mdomo akuambie jambo, na Usifunue akamjaza ganda la kiazi kabla neno halijatoka.

Halafu ukamvuta Usifunue pembeni ukimtaka akufundishe. Maskini, jasho lilimtoka mpaka kwenye nyusi. Ukamuuliza siri ya maharage ni nini, naye akakujibu kitu pekee anachokijua kuhusu mapishi, kwamba siri ni kutofunua. Wewe ukatikisa kichwa, ukasema hilo ni neno la mtu mzima, ukalirudia jioni nzima. Asubuhi unaondoka ukatoa kwenye mfuko wako mwiko wa bibi, ule mweusi wenye mpini uliolika upande mmoja kwa sababu bibi alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Mwiko ambao dada zangu waliuomba ukawanyima. Ukasema uliuleta ili unipe mimi, lakini mwiko haufuati damu, unafuata mkono. Ukampa Usifunue. Ukaniambia mbele ya watu nijifunze kwake.

Sasa nifunue mimi, kabla wewe hujafunua.

Usifunue hajui kupika, mama. Hajui kabisa. Maji ya chai huyaunguza. Kabla ya jiko letu la pamoja alikuwa anaishi kwa mkate na ndizi, naye ndiye aliyeniruhusu niandike hivi, kwa sharti kwamba niongeze kuwa kwenye kola za mashati hana mpinzani. Bi Mbivu naye hapiki, akifika jioni hana hata nguvu za kuvua viatu. Na mimi nilikuwa kitandani na mtoto mchanga, uliniona.

Mpishi ni mume wangu.

Tulia, soma polepole. Ni yeye. Siku zote ulizokaa hapa alikuwa anaaga mbele yako, anatoka kwa mlango wa mbele na fulana yake safi, anazunguka nyuma ya nyumba, anapita chini ya kamba za nguo, anaingia chumbani kwa Usifunue kwa mlango wa nyuma. Usifunue anashona varandani, yeye anapika ndani nyuma ya pazia, na ukipita karibu anabana pumzi hadi upite. Wewe uliketi kwenye kile kiti cha varandani ukimsimulia Usifunue jinsi mkweo alivyo mzigo, na mkweo alikuwa nyuma ya pazia anakukatia kitunguu. Alisikia yote. Hakutia chumvi ya hasira. Ndimu ile uliyoinusa ni ya kutoa harufu ya kitunguu mikononi.

Nilimwambia akuambie. Usifunue alimwambia. Bi Mbivu alitaka kwenda kukuambia yeye, tukamfungia chumbani. Yeye akakataa. Alisema mama amekuja kumwona mjukuu, mwacheni ale kwa amani, akijua ni mkono wangu chakula kitamkwama. Alisema akila vizuri inatosha. Na kila jioni alipokuwa anarudi na mikono mitupu, alikuwa ananitazama mimi kwanza, ananiuliza kwa macho kama umekula, nami namjibu kwa kichwa kwamba umekula na umeongeza. Basi anakwenda kunawa akitabasamu, na wewe unanong'ona kwamba huyu hana hata aibu.

Kazi anaitafuta, usidhani nimefumba macho. Mchana akishaweka makapu chini ya meza huchukua nyundo na sindano, huzunguka akiuliza nani ana kiti kilichobonyea. Siku nyingine hupata, siku nyingine hurudi na vumbi tu. Wenzangu wa dobi wameliona kapu langu na wawili wameagiza lao, kwa hiyo sindano yake haijashika kutu. Sikuahidi makubwa. Nakuambia ilivyo.

Lakini usiku ule barua yako ilipofika nilikosea, niliisoma nikaiacha juu ya meza. Aliisoma. Asubuhi nilimkuta anachambua mchele, na aliendelea kuuchambua wakati anasema. Alisema kama nataka kurudi kwenu hatanizuia, kwamba watoto watakula vizuri kwako, kwamba atapanga kila kitu, atabeba mizigo mpaka garini. Alisema mama hana kosa, mzazi yeyote angeandika hivyo. Kisha akaniuliza kama bado unakohoa kwa ajili ya moshi. Nikamwambia ndiyo. Akauacha mchele, akatoa sponji iliyobaki gunini, akaanza kukata.

Mama, nimeishi na mtu huyu na nilidhani namjua. Nilikuwa namhurumia. Siku ile nilisimama mlangoni na mtoto mgongoni nikamtazama anavyopima mto wa kapu la mtu anayetaka kumvunjia nyumba, anaupima mara mbili ubane vizuri, na huruma ikaniisha. Nilichobaki nacho ni heshima. Nampenda, na ninamheshimu, na sijawahi kukuambia lolote kati ya hayo kwa sababu tuliolelewa nawe tulizoea kutosema.

Hilo kapu lililoko miguuni pako ni lako. Unachemsha chakula chako kwa kuni chache asubuhi, unakitia humo, unaondoka kwenye moshi, unakwenda kukaa nje. Kifua kitakushukuru. Vitambaa vya nje alivichagua Usifunue, hicho chenye maua kimetoka kwenye gauni la mteja wake aliyenenepa ghafla. Ndani kuna maharage yaliyochemshwa leo kabla gari la Bi Mbivu halijaondoka, na yameiva njiani. Nyanya zilizomo ni za nani, usiulize.

Na juu ya sufuria, chini ya mto, utakuta mwiko wa bibi.

Usifunue alimpa mume wangu siku ileile uliyoondoka, kabla gari lako halijapinda kona. Alimwambia mali imefika kwa mwenyewe. Ameutumia tangu hapo, na kila akimaliza huuosha, huufuta, huutundika peke yake mbali na vijiko vingine. Sasa anaurudisha. Anasema ulimpa mpishi bila kujua mpishi ni nani, na kitu alichopewa mtu gizani si chake mpaka taa iwashwe. Nimebishana naye, hakubali. Kwa hiyo amua wewe. Ukitaka uwe wake, mkabidhi Bi Mbivu arudi nao, na usiandike neno, nitaelewa. Usipotaka, baki nao, ni wa mama yako.

Ila jambo moja lisisubiri mwiko. Mimi sirudi, mama. Mwiko ukija sirudi, usipokuja sirudi. Chumba ulichokifagia usikifunge, tutakuja kulala humo sote wanne, na nyumba yako utaniachia mimi nifagie, jikoni umwachie yeye. Nakupenda, na imeniwia vigumu kuandika hivi kwa sababu sijawahi kukukatalia kitu. Usinikasirikie kwa muda mrefu.

Sasa inua mto, funua. Kula kwanza kabla hujaamua, na Bi Mbivu umpakulie, amekuja na tumbo tupu kutoka huku kwa heshima ya kapu lako.

Wasalimie dada zangu, na jirani yako wa kisimani mwambie nimemkumbuka. Wajukuu zako wanakuamkia. Usifunue anakusalimu na kukuomba radhi kwa ile siri ya maharage, ingawa anasisitiza kwamba haikuwa uongo. Mume wangu amesema nisiandike kwamba anakusalimu, nisije nikakuudhi. Basi anakusalimu.

Ni mimi mwanao, kitinda mimba wako,
mama watoto.

Tena mama: utaona chumvi ni kidogo. Si kwamba amesahau. Ulimwambia Usifunue pale varandani kwamba daktari amekupunguzia chumvi kwa ajili ya presha na kwamba watoto wako wenyewe hawakumbuki. Aliyekuwa nyuma ya pazia alisikia hilo pia.